Kwa nini cheo cha Lord Egerton kilikufa, na cha Lord Erroll kikaenda kwa binti

Swali: Mwalimu, salamu nyingi kutoka Ngata, huku Njoro. Mimi huwatembeza wageni katika kasri la Lord Egerton. Huwa tunawaeleza kwamba mwanamke alimkataa, akafa bila mke wala mtoto, na cheo chake kikafa naye. Hapo ndipo wageni wanaponibana. Tajiri kama yule, kwa nini asimrithishe cheo mpwa, au binamu, au hata mtoto wa kupanga? Na mbona Lord Erroll wa Naivasha, aliyeuawa mwaka 1941 bila kuacha mwana, cheo chake kilichukuliwa na binti yake? Ni kweli kwamba watu hawa walikuwa wakichaguliwa wachumba? Na la mwisho, ambalo huulizwa kwa kunong'onezwa: akijitokeza mtu leo aseme yeye ni damu ya Lord fulani wa huku kwetu, amezaliwa nje ya ndoa, atapata nini?

Jibu: Mwanangu, wageni wako wanauliza vizuri. Nianze na kinachowatatiza wote. Kwa makabaila wa Uingereza, cheo ni kitu kimoja na mali ni kitu kingine, na kila kimoja hushuka kwa njia yake. Egerton angeweza kuamka asubuhi moja akagawa ekari zake kwa amtakaye. Neno "Lord" hakuwa na uwezo wa kumpa mtu, kwa sababu halikuwa lake.

Cheo cha namna hiyo hutolewa na mfalme au malkia kwa hati, na ni hiyo hati inayosema nani atafuata. Nyingi zinasema hivi: aliyepewa, kisha warithi wa kiume waliotoka viunoni mwake, waliozaliwa ndani ya ndoa halali. Basi. Cheo cha Baron Egerton wa Tatton kilitolewa mwaka 1859, enzi za Malkia Victoria, kwa William Tatton Egerton. Anayetaka kukirithi lazima awe uzao wa huyo William, tena kwa kupitia wanaume watupu, baba kwa baba hadi kwake. Mtoto wa dada hafai. Binamu ambaye mnakutana naye kwa babu aliyemtangulia William hafai, hata kama jina lake ni Egerton, na akina Egerton huko Uingereza si haba. Mtoto wa kupanga naye hafai mpaka leo. Tangu mwaka 2004 mtoto aliyepangwa na Lord anaruhusiwa kutumia zile heshima ndogondogo za jina ambazo watoto wa Lord huitwa nazo, lakini baba akifa, cheo chenyewe kinampita.

Kwa hiyo ukiwa kasrini, usiwaambie wageni kwamba cheo kilikufa kwa sababu ya mwanamke mmoja. Ukoo ule ulikuwa umeshaanza kukauka miaka mingi kabla jiwe la kwanza halijawekwa Njoro. Tazama. Baron wa pili, Wilbraham, alipandishwa mwaka 1897 akawa Earl, cheo kilicho juu ya Baron. Alipofariki mwaka 1909 hakuacha mwana. Alikuwa na binti, Lady Lucia, ambaye tangu 1881 alikuwa ameolewa na mtu aliyekuja kuwa Earl wa Albemarle. Cheo cha Earl kikafa siku hiyo hiyo, maana hati yake haikumtambua binti. Cha Baron, kwa kuwa hati yake ilianza kwa baba yao, kilimwendea ndugu yake Wilbraham, Alan. Alan akafariki mwaka 1920, na mwana pekee aliyekuwa amebaki hai ni Maurice, huyu wa kwetu.

Sasa piga hesabu ya umri, jambo ambalo waongozaji wengi hawalifanyi. Maurice alizaliwa Agosti 1874. Anarithi akiwa na miaka 46, na hana mke. Ujenzi wa kasri unaanza 1938, ana miaka 63 au 64. Unakamilika 1954, anakaribia 80. Anafariki Januari 1958 akiwa na 83. Simulizi ya mwanamke aliyeiona nyumba ya kwanza akaiita kibanda cha kuku, Lord akaudhika akajenga vyumba 52 ili kumridhisha, ni tamu, na sikukatazi kuisimulia, mradi uiite simulizi. Hata kama ni kweli tupu, haielezi kwa nini mtu aliyejua kwa miongo kadhaa kwamba yeye ndiye wa mwisho katika mstari wa wanaume alifika miaka 60 bila kuoa. Mimi nadhani hakutaka. Alipenda mashine na safari. Ni miongoni mwa Waingereza wa kwanza kabisa kupata leseni ya urubani, mwaka 1910, namba 11. Mtu asiyeoa kwa hiari yake huwasumbua wasimulizi, kwa hiyo humtafutia mchumba aliyemkataa.

Kuna jambo jingine hapo ambalo wageni wataliona la ajabu. Shamba kubwa la Tatton kule Cheshire lilibaki katika jina la Egerton kwa sababu ya mwanamke. Katika karne ya 18, Hester Egerton aliolewa na William Tatton wa Wythenshawe. Ardhi ya Tatton ilipomwangukia Hester, ukoo ukachukua jina lake. Ardhi ilipita mkononi mwa mwanamke bila matatizo, lakini vizazi vichache baadaye, cheo kilipokuja, kikamruka Lucia.

Na mali ya Maurice je? Hiyo aliigawa alivyopenda. Nyumba ya Tatton na bustani zake aliziacha kwa shirika la National Trust linalohifadhi majumba ya kale Uingereza. Huku Njoro alikuwa amekwisha kutoa ekari 740 ili kianzishwe chuo cha kilimo cha Egerton mwaka 1939, kwanza kwa vijana wa kizungu, na ndicho hicho kilichogeuka kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987. Mtu asiye na mrithi akaacha jina linaloandikwa kwenye vyeti vya maelfu ya watoto wa Kenya. (Ardhi yenyewe, usisahau, ni sehemu ya ile waliyoondolewa Wamaasai baada ya mkataba wa 1904. Tunapozungumza urithi wa akina Lord hapa Bonde la Ufa, kuna warithi wengine ambao hawakuwahi kuitwa kwenye kikao.)

Nije Naivasha. Josslyn Hay, Earl wa 22 wa Erroll, alipigwa risasi ndani ya gari lake nje kidogo ya Nairobi alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941. Hakuacha mwana, aliacha binti mmoja, Diana, aliyekuwa ametimiza miaka 15 mwezi huo huo. Sasa shika hili, kwa maana ndilo jibu la wageni wako: Erroll alikuwa na vyeo viwili kutoka nchi mbili. Cha Earl wa Erroll ni cha Scotland, cha karne ya 15, na vyeo vingi vya kale vya Scotland humruhusu binti kurithi pale ambapo hakuna mwana. Cha Baron Kilmarnock kilitolewa mwaka 1831 kwa utaratibu wa kawaida wa wanaume tu. Mtu mmoja alipokufa, vyeo vyake vikaachana njiani. Cha Scotland kikaenda kwa binti, na kile kingine kikaenda kwa Gilbert, ndugu yake marehemu, ambaye hata jina la ukoo alilibadilisha kutoka Hay kuwa Boyd. Diana alirithi pia wadhifa wa kale wa Konstebo Mkuu wa Scotland, na katika kutawazwa kwa Malkia Elizabeth mwaka 1953 alisimama pale kwa wadhifa huo, mwanamke miongoni mwa wanaume.

Kwa hiyo Erroll hakuwa na huruma zaidi kwa binti yake kuliko Wilbraham kwa Lucia. Hati zilikuwa tofauti. Mara chache mfalme huandika hati ya pekee inayomtaja binti tangu mwanzo. Lord Mountbatten, aliyekuwa na mabinti wawili tu, aliandikiwa hivyo, na alipouawa mwaka 1979 binti mkubwa, Patricia, akachukua cheo. Lakini hilo lazima liombwe na kukubaliwa wakati cheo kinatolewa. Ukishazaliwa ndani ya hati ya 1859, umefungwa nayo.

Sasa wachumba. Neno "kuchaguliwa" linahitaji uangalifu. Sheria ya ndoa ya Uingereza ilidai ridhaa ya wote wawili, na kanisani waliulizwa mbele ya watu. Ila ilikuwa kazi ya wazazi kuhakikisha kwamba kijana hakutani na mtu asiyefaa. Kila mwaka kulikuwa na msimu wa London wa dansi, karamu na mbio za farasi, ambapo wasichana waliofikisha umri walipelekwa ikulu wakapige goti mbele ya mfalme au malkia, kisha wakaonyeshwa kwa familia zinazofaa. Desturi hiyo ya ikulu ilifanywa mara ya mwisho mwaka 1958, mwaka ule ule Egerton alipokufa. Msichana alichagua, ndiyo, ila kutoka katika kapu ambalo mama yake alikuwa amekwisha kulichambua.

Uchaguzi ukishafanyika, mawakili waliingia. Hapa kwetu posa huhesabu kinachotoka upande wa mume kwenda kwa wazazi wa mke; kwao ilikuwa kinyume. Baba wa binti alileta fungu la fedha, na upande wa mume ukaahidi kwa maandishi kwamba mke akifiwa atalipwa kiasi fulani kila mwaka mpaka afe, na watoto wadogo wasiorithi shamba watapata kiasi fulani. Shamba lenyewe lilifungwa kwa hati hiyo hiyo: baba anakula matunda yake kwa uhai wake tu, haliuzi, kisha linamwendea mwana wa kwanza, ambaye akifikisha umri anabembelezwa naye alifunge upya kwa ajili ya mwanawe ambaye bado hajazaliwa. Wasomaji Waislamu watafikiria wakfu wa familia, na hawako mbali sana. Mwaka 1882 sheria ikamruhusu mshikaji wa shamba kuliuza na kuiweka fedha badala yake, na mwaka 1894 ikaja kodi nzito ya mirathi. Kati ya hapo nafaka ya bei nafuu kutoka Marekani ilikuwa imezivunja bei za mazao ya Uingereza. Ndipo mabwana wengi wakajikuta wana jumba la vyumba mia na mifuko mitupu.

Dawa ikawa ni binti wa tajiri wa Marekani. Kisa kilichothibitishwa kwa viapo ni cha Consuelo Vanderbilt, aliyeolewa na Duke (cheo kilicho juu ya Earl) wa tisa wa Marlborough mwaka 1895. Fungu lake lilikuwa hisa za reli za dola milioni 2.5. Yeye alikuwa akimpenda mwanamume mwingine. Walitengana, wakaachana kisheria mwaka 1921, na mwaka 1926 ndoa ilipopelekwa kwenye mahakama ya Kanisa Katoliki ibatilishwe, mama yake Alva alitoa ushahidi kwamba alimlazimisha binti yake. Mama mwenyewe, kwa kinywa chake. Ndoa ikabatilishwa. Kwa hiyo ukiulizwa kama walilazimishwa, jibu ni kwamba wengine ndiyo, na mara nyingine mlazimishaji alikuja kukiri.

Walowezi wa Nakuru wana sehemu yao katika habari hizi. Lord Delamere wa tatu alirithi cheo akiwa na miaka 17, pamoja na shamba la Vale Royal, kule kule Cheshire kwa akina Egerton. Fedha za Vale Royal ndizo zilizozama katika ngano na kondoo wa Njoro na Soysambu, na alipokufa mwaka 1931 alikuwa na madeni makubwa. Mkewe, Lady Florence, alikuwa binti wa Earl wa Enniskillen, na ndugu zake wawili, Galbraith na Berkeley Cole, walimfuata huku. Hao ni mfano wa kundi kubwa lililojaza nyanda za juu: wadogo wa mrithi. Kaka mkubwa akipata jumba na cheo, wadogo wanapata posho na nauli ya meli. Kenya ya walowezi kwa sehemu kubwa ilijengwa na watu ambao mirathi ya kwao iliwaruka.

Erroll mwenyewe aliasi mpango wa wazazi. Mwaka 1923 alimwoa Idina Sackville, mwanamke aliyemzidi umri na aliyekuwa ameshaachika mara mbili, wakahamia Kenya mwaka uliofuata. Na yule mwanamke aliyekuwa kiini cha kesi ya mauaji ya Erroll, Diana aliyekuwa mke wa Sir Jock Delves Broughton (usimchanganye na Diana binti wa Erroll), ni somo zima la mali bila cheo. Alipoolewa na Broughton mwaka 1940 walikuwa na mapatano kwamba akimpenda mwanamume mwingine, mume hatamzuia, na atampa pauni 5,000 kwa mwaka. Wiki chache baadaye akampenda Erroll. Broughton alishtakiwa kwa mauaji, akaachiliwa huru, akajiua Liverpool mwaka uliofuata, na mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kifo kile. Diana akaolewa na Gilbert Colvile, mfugaji mkubwa wa ng'ombe, wakaachana bila ugomvi, akaolewa na Lord Delamere wa nne mwaka 1955, na Colvile alipofariki 1966 akamwachia mali yake. Amezikwa Ndabibi pamoja nao. Hakuwa na hata tone la damu ya cheo, wala asingeweza kumpa mtu cheo, lakini kwa wosia na ndoa alishika ardhi ya Naivasha ambayo akina Earl wangeitamani.

Siri, basi. Ukiyaelewa haya utaona kwa nini familia hizi zilificha sana habari za vitanda. Kwa mali, mtoto wa nje angeweza kukumbukwa kimya kimya katika wosia. Kwa cheo, swali lilikuwa moja tu: wazazi wako walikuwa wameoana ulipozaliwa? Sheria ya 1926 ilimfanya mtoto kuwa halali pale wazazi wake wanapooana baadaye, lakini ikasema wazi kwamba hilo haligusi vyeo. Upande wa pili, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa huhesabiwa ni wa mume. Kitanda hakizai haramu, walisema wazee wetu wa pwani, na majaji wa London walisema karibu vivyo hivyo. John Russell, mrithi wa Baron Ampthill, alimkana mtoto aliyezaliwa na mkewe Christabel mwaka 1921. Magazeti yakashiba. Mwaka 1924 Bunge la Mabwana, likikaa kama mahakama ya juu, likaamua kwamba mume au mke haruhusiwi kutoa ushahidi wa kumharamisha mtoto wa ndoa yao, na mwaka 1926 mtoto akatangazwa halali. Baba alipofariki 1973, mwanawe kwa mke mwingine akadai cheo. Mwaka 1976 kamati ya Bunge hilo ikakataa kulifukua jambo hilo, na yule mtoto aliyekanwa, Geoffrey, akawa Lord.

Vinasaba vimeitikisa hali hiyo. Mwaka 2016 Kamati ya Mahakama ya Baraza la Faragha ilipokea ushahidi wa DNA katika shauri la cheo cha kurithi cha Pringle wa Stichill huko Scotland, kikahama kutoka tawi moja la ukoo kwenda jingine, kwa sababu mtoto aliyesajiliwa vizazi viwili nyuma hakuwa wa damu ya baba aliyeandikiwa. Najua familia fulani zililala vibaya mwaka huo.

Na huyo mtu wa kunong'onezwa. Cheo, hapana. DNA inaweza kumvua cheo aliyezaliwa ndani ya ndoa, lakini haiwezi kumvika aliyezaliwa nje yake. Kwa mali, la kwanza kuuliza ni tarehe ya kifo. Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Aliyekufa kabla ya hapo mirathi yake hufuata sheria ya wakati wake, na kwa Wazungu wa Kenya hiyo ilikuwa ile Sheria ya Mirathi ya India ya 1865, ambayo wosia ukitaja mtoto ilimsoma kuwa ni mtoto wa ndoa. Kwa Egerton, aliyekufa 1958 na mali yake ikagawanywa zamani, mlango haupo.

Kwa Lord aliyefariki baada ya 1981 ni habari nyingine. Ardhi iliyoko Kenya hufuata sheria ya Kenya hata kama makazi ya marehemu yalikuwa Uingereza. Sura ya 160 humhesabu kuwa mtoto yeyote ambaye mwanamume alimtambua au kumkubali kuwa wake, ndoa iwepo isiwepo, na kifungu cha 26 humruhusu mtegemezi aliyesahauliwa katika wosia kuiomba mahakama impatie fungu. Ila kifungu cha 30 kinafunga ombi hilo mara tu hati ya usimamizi wa mirathi inapothibitishwa. Kwa hiyo mtu huyo asianze na magazeti. Aende kwenye masjala ya Mahakama Kuu iliyopokea shauri, aulize kama hati imethibitishwa, na abebe kila kinachoonyesha kwamba marehemu alimkubali: karo aliyolipa, barua, cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba.